Chumba cha futi 10 kwa 11, mapacha wawili na kitanda kimoja kikubwa mno

Swali ninaloulizwa kuliko yote tangu nijifungue sio "wanafanana?" wala "maziwa yanatosha?", ni lile ambalo wajawazito wenzangu wananivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama wanakopa hela: sasa wanalala wapi? Wanauliza hivyo mana kwangu wanapajua. Nimetuma voisi za dakika saba saba mpaka bando linakata, bora niandike mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki.

Tunakaa Tabata, chumba na sebule, choo ndani. Chumba nilikipima kwa futikamba ya kuazima kwa fundi cherehani wa chini, futi 10 kwa 11, na hapo kuna kona imeliwa na mlango wa choo ambao unafungukia ndani ya chumba, sijui aliyejenga aliwaza nini. Humo ndani kulikuwa na kabati la milango mitatu, feni ya kusimama, tenga la nguo chafu, na mfalme mwenyewe, kitanda cha sofa cha sita kwa sita, kile chenye kichwa kirefu cha vifungo vifungo, juu yake godoro la inchi 10 ambalo ukikaa linakumeza. Ukijumlisha kichwa na mbavu zake kilikuwa kinakaribia futi 7 kwa 7. Kwenda kabatini unapita kiubavu kama kaa. Lakini ndo kitanda chetu cha harusi bwana, tulidunduliza, hakuna aliyewahi kukitazama kwa jicho baya.

Siku ya ultrasaundi yule dada akazungusha kile kidude tumboni, akanyamaza, akazungusha tena, akasema wako wawili. Mimi nikacheka. Mwenzangu akakaa kwenye kiti ambacho hata hakukaribishwa. Tukapanda bajaji, kimya, tumefika Barakuda ndo akafungua mdomo, "majina angalau tunayo". Yeye Msukuma, na kwao anayetangulia kutoka ni Kulwa anayefuata ni Doto, awe wa kike awe wa kiume, hakuna kikao. Na anayezaliwa baada ya mapacha anaitwa Shija, ila huyo Shija akae huko huko kwanza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuangalia picha kwenye simu. Vyumba vya watoto vya wazungu, kitanda huku kitanda kule, kapeti katikati, kiti cha kubembea cha kunyonyeshea, mawingu yamechorwa ukutani, chumba kizima kikubwa kuliko sebule yangu na ya mama mwenye nyumba tukiunganisha. Nikaanza kuwaonea huruma watoto ambao hata hawajazaliwa. Mpaka siku moja nikaacha picha nikasoma maneno, nikakuta hao hao wazungu, Uingereza na Marekani wote, madaktari wao wanawaambia mtoto mchanga alale chumba kimoja na wazazi, sio kitanda kimoja, chumba kimoja, kwa miezi 6 ya mwanzo angalau. Yani kile chumba cha mawingu mtoto hata hatakiwi kulala peke yake humo. Nilifurahi siku hiyo kama vile nimeongezewa futi.

Basi tukaingia kwenye vipimo. Vitanda vya watoto vya kawaida vinavyouzwa ni kama futi 2 kwa 4. Tukachukua magazeti tukayaunganisha kwa gundi ya karatasi, mawili, kila moja ukubwa wa kitanda, tukayatandaza sakafuni. La kwanza likakaa chini ya dirisha vizuri tu. La pili tukalizungusha chumba kizima kama tunahamisha jeneza, ukiliweka ukutani linaingia nusu chini ya kabati, ukiliweka upande wa mlango, choo hakifunguki, mwisho likachanika na mimi nikakaa kitandani nikalia, mimba ya miezi saba unalia kwa chochote.

Na hapo kila mtu ana wazo. Rafiki yangu mmoja akanitumia habari ya Finland, kwamba serikali inawapa wamama boksi la vitu vya mtoto na lile boksi lenyewe ndo kitanda cha kwanza, walianza 1938 kwa wenye kipato kidogo na kuanzia 1949 ikawa kwa wamama wote. Mwenzangu aliposikia hivyo akaleta boksi la TV kutoka dukani kwa jamaa yake, jembamba na refu, mtoto ungemlaza kwa ubavu tu kama kitabu kwenye shelfu. Wifi yangu akasema tununue kile cha kukunja cha nailoni, ila godoro lake linajikunja katikati na kwa upana kinakula nafasi ile ile. Mama yangu mzazi, yeye ni wa Pangani, akapiga simu akasema mnahangaika nini, funga susu mbili juu, watoto wanabembea, chini mnapita. Nikamwambia mama, hili dari ni jipsamu, ukining'iniza hata kofia linashuka nalo. Na kusema kweli susu sikuitaka hata kama dari lingekuwa la mkoko, mana mtoto mdogo sana akilala kwenye kitu kinachobonyea kati kidevu kinashuka kifuani na ile njia yake ya hewa nyembamba kama mrija inajibana. Hiyo ni sawa sawa kwa vile viti vya kubembea na viti vya gari, vya kukalia tu, akisinzia unamhamisha.

Wakazaliwa mwishoni mwa Januari, wiki ya 36. Kulwa kilo 2.4, Doto kilo 1.9. Wote chini ya kile kipimo cha kilo 2.5 ambacho ukiwa chini yake unahesabiwa mtoto mwenye uzito pungufu, na wote kabla ya wiki 37. Doto tukakaa naye kwenye chumba cha kangaruu, unamfunga kifuani ngozi kwa ngozi, pampasi na kofia na soksi basi, khanga juu. Mwanzoni nilidhani wanatufanyisha hivyo mana mashine hazitoshi. Baadaye ndo nikasoma kwamba hii kitu ilianzia Bogotá kule Colombia 1978, na kwamba kuna utafiti wa WHO uliotoka 2021, Tanzania ikiwemo kwenye zile nchi tano, watoto wadogo kuliko hata Doto wangu, wa kilo 1 mpaka chini kidogo ya 1.8, waliowekwa kifuani mapema bila kusubiri watulie kwanza, vifo vyao vilipungua kwa robo. Robo nzima, kwa kifua na khanga.

Ila kangaruu ina kitu hawakwambii, kwamba mama unalala nusu umekaa. Nyumbani unaegemea mito minne na hulali, unasinzia.

Na nyumbani ndo tukarudi, bila mpango. Wifi katuazima kitanda kimoja cha mtoto, kile cha futi 2 kwa 4, tukakibana chini ya dirisha. Wakawa wanalala wote wawili humo, ubavu kwa ubavu kwa upana. Hapa mtakuta wataalamu wenyewe hawaongei lugha moja, Uingereza wanasema mapacha wakiwa wadogo hivyo wanaweza kushea kitanda kimoja, Marekani chama cha madaktari wa watoto kinasema hapana, kila mtoto sehemu yake. Mimi sikuwa na msimamo, nilikuwa na kitanda kimoja. Nilichokiona kwa macho yangu ni hiki, wiki ya kwanza wametulia kama magunia, wiki ya pili Doto kaanza kurusha mkono na ule mkono ulikuwa unatua juu ya pua ya Kulwa, unautoa, ukigeuka unarudi. Nikawa silali naangalia mkono.

Mama akaja na basi la Tanga siku ya tano, na mafuta yake na majani yake ya kunikanda, kaangalia kile kitanda cha dirishani akaguna. "Watoto wachanga mnawaweka mbali na mama yao kama kuku? Walaze kati yako na ukuta." Nikasema mama, hawa hawajatimia, hospitali wamesema tusilale nao kitanda kimoja. "Wewe na ndugu zako wanne wote mmelala na mie, nani kafa?" Sasa hapo unajibu nini, ni mama yako na kakukanda kwa maji ya moto asubuhi.

Tukagombana pia kuhusu kulala chali. Yeye anataka walale kiubavu, na mto mdogo nyuma, akiamini mtoto wa chali akicheua atapaliwa. Mimi nilikuwa naamini hivyo hivyo mpaka nesi aliponionyesha kwa mkono wake, mtoto akiwa chali njia ya hewa iko juu, ya chakula iko chini yake, maziwa yakirudi yanadondokea chini yanamezwa, ukimlaza kifudifudi ndo umeigeuza, ya hewa iko chini. Uingereza walianza kuwatangazia watu walaze watoto chali 1991, Marekani 1994, na vile vifo vya mtoto kulazwa mzima na kukutwa ameshaondoka vikashuka zaidi ya nusu, bila dawa wala chanjo, kugeuza mtoto tu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho akasema "haya, nesi kasema". Ila usiku nilikuwa nikiamka namkuta Kulwa kafunikwa blanketi mbili na kofia ya sufu, Dar hii, mwezi wa pili, feni inazungusha upepo wa moto. Namfunua, nashika shingoni kwa nyuma, jasho. Mama anashika vidole anasema wa baridi huyu. Vidole vya mtoto mchanga vinakuwa baridi hata kwenye tanuri, joto lake lipime shingoni au kifuani.

Usiku wa tisa tangu turudi LUKU ikaisha saa nane. Chumbani hakukaliki. Mama kalala, Kulwa naye kitandani kwake anahema vizuri, Doto analia, nikamchukua nikaenda naye sebuleni dirishani kwenye sofa, nikamnyonyesha. Nakumbuka nilijiambia nikimaliza tu namrudisha. Kilichoniamsha ni mwanga wa simu, mwenzangu kasimama juu yangu, na Doto hayuko kifuani. Alikuwa ameteleza akaingia kati ya mkono wangu na egemeo la sofa, uso kwenye ile velveti. Akamchomoa kwa mguu na shingo kama unavyotoa kitu kwenye maji. Akalia, alikuwa mzima, shavu moja lina alama ya mshono wa sofa.

Sikulala mpaka kumekucha. Na baadaye nikaja kujua kuwa sofa ni hatari kuliko hata kitanda, mtoto hana pa kutokea, lakini siku hiyo sikuhitaji kusoma.

Asubuhi nimesimama mlangoni kwa chumba nakiangalia, chai mkononi, ndo nikaona kitu ambacho sikukiona miezi yote ya magazeti. Nikapiga hesabu. Chumba futi za mraba 110. Kitanda chetu 49. Karibu nusu ya chumba imekaliwa na kitu kimoja, na sisi tunazunguka na gazeti la futi 2 tunatafuta pa kulipachika! Tulikuwa tunauliza watoto wakae wapi, hakuna aliyeuliza hili dude linakaa hapa kwa nini.

Nikarudi kwa mama nikamuuliza, wakati sisi wadogo tulikuwa tunalala kwenye nini pale Pangani? Akacheka. "Kitanda cha kamba. Mkeka juu, shuka. Godoro la sufi lilikuwa la wageni." Zile kamba za makumbi baba alikuwa anazikaza kila zikilegea, nakumbuka hata mlio wake. Yani tumelala na mama kweli na hatukufa, ila tumelala juu ya kitu kigumu, hakuna mito, hakuna blanketi, mama mwenyewe habonyei. Mimi nilikuwa nachukua ushauri wa kitanda cha kamba nauweka juu ya godoro la inchi 10. Nilimwambia hivyo, akafikiri, akasema "hilo kweli linazamisha, hata mie kiuno kinaniuma". Kuanzia hapo akawa upande wangu, na ndo akasaidia kumlainisha mkwewe.

Mana mkwewe kitanda alikuwa hauzi. Tulikinunua kwa laki tisa, anakumbuka mpaka rangi ya kirikuu kilichokileta. Akasema tukihamishie sebuleni, sebule yenyewe mnaijua. Akasema tukate kichwa. Mama akamwita kwa upole, "baba, kitanda kitapatikana", basi, hakuongeza neno, na mwanaume akazima. Tukakitangaza kwenye grupu la mtaa, kikaondoka kwa laki nne ndani ya siku mbili, kijana anaoa mwezi ujao, nikamtazama anavyopapasa vile vifungo nikataka kumwonya nikaacha.

Sasa huu ndo mpangilio, chukua karatasi. Kitanda chetu kipya cha nne kwa sita, cha mbao, hakina mbwembwe, godoro gumu la inchi 6. Ubavuni mwake vitanda viwili vya watoto, kila kimoja futi 2 kwa 3, vimefuatana kwa urefu. Tatu na tatu sita, nne na mbili sita. Jumla sita kwa sita! Watu wote tumeingia kwenye kivuli cha godoro la zamani, na hizo futi za ziada za kichwa na mbavu zikabaki kuwa njia. Mlango wa choo unafunguka mpaka mwisho, siku ya kwanza nilikuwa naufungua tu naufunga.

Na uzuri ambao sikuupanga, ile neti yetu ya zamani ya pembe nne ya sita kwa sita, ndefu ya kufika chini, ikafunika kila kitu kwa pamoja. Kabla ya hapo kitanda cha dirishani kilikuwa na neti yake ya mwavuli, ndogo, inamlalia mtoto usoni, na mbu wa Tabata anapenyeza mdomo kutoka nje kama anakunywa juisi.

Vile vitanda vidogo tulichonga kwa fundi wa mtaani, mbao za msindano. Fundi mzuri, ila ilibidi nimsimamie. Alitaka upande mmoja uwe na bawaba na kitasa ushuke, "sista itakurahisishia kumchukua usiku". Nikamkatalia. Marekani vitanda vya kushusha ubavu walivipiga marufuku 2011 baada ya watoto kunasa pale panapoachia, na hao walikuwa na vyuma vya kiwandani, sembuse kitasa cha kabati. Kingo zote nne zimekaa imara, kunyanyuka ninyanyuke mimi. Halafu nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, fundi akasema anakadiria kwa jicho, nikaenda kibandani nikanunua soda ya kopo, nikainywa, nikamwachia kopo. Likipita kati ya fito, rudia. Alinicheka lakini vijana wake walikuwa wanalipitisha kila baada ya msumari, nilirudi jioni nikakuta limebondeka na fito zimenyooka. Rangi sikuweka, vanishi sikuweka, msasa tu mpaka mkono uteleze. Na chaga nikamwambia aziwekee tundu ngazi mbili, ya juu wakiwa wachanga nisiiname sana na kidonda, ya chini wakianza kukaa.

Godoro nikaenda kwa wale wa sofa wakanikatia sponji ngumu inchi 4, vipande viwili, unabonyeza kwa kiganja unaachia, kiganja hakibaki. Pembeni vidole viwili visipite kati ya godoro na ubao, vikipita rudi akuongezee kipande. Juu kava la nailoni, shuka yenye lastiki, mtoto, mwisho. Hakuna mto, hakuna vile vimito vya kuzungushia kingo japo nililetewa zawadi na ni vizuri mno, vya dubu dubu, nimevishonea viti vya plastiki vya sebuleni.

Kasoro? Zipo. Ukifuatanisha vitanda kwa urefu mtoto mmoja anakuwa usawa wa kichwa chako na mwingine usawa wa magoti. Doto kwa sababu ya udogo nikamweka juu karibu na sikio langu, Kulwa akaenda huko magotini, kwa hiyo Kulwa miezi yote hiyo akilia namtikisia kitanda kwa mguu kwanza, akizidisha ndo nainuka. Sijui atakuja kunidai.

Nyingine, usiku ubongo haupo. Wiki ya pili kwenye mpangilio mpya nilimnyonyesha Kulwa saa saba, nikamnyonyesha Kulwa tena saa tisa, naamini kabisa kuwa yule wa kwanza alikuwa Doto. Doto halii, hao wadogo hawalii, wanalala wamekaa na njaa zao. Mama ndo aligundua alfajiri anamkanda akaona pampasi imekauka. Kuanzia hapo nikachukua kibanio cha nguo, chekundu, nakibana kwenye ubao wa aliyenyonya mwisho. Nikishamrudisha, nakibana, nalala. Ukiamka unapapasa gizani, kibanio kiko kwa nani, basi ni zamu ya mwingine. Kitu cha shilingi mia. Hakuna programu ya simu iliyonifaa hivyo, na nilipakua tatu.

Mama alilala na mimi kwenye ile nne kwa sita mpaka arobaini, mwenzangu akawa na godoro lake sebuleni. Mama alipoondoka mwenzangu akarudi, akajilaza, akapima kwa mikono, akasema "kwa hiyo hapa ndo tumefika". Futi nne watu wazima wawili ukigeuka unatoa taarifa. Ila sikumsikia akitaja kile kitanda tena mpaka siku ile yule kijana aliyekinunua alipomtumia picha, kakiweka chumbani kwake, kimejaa ukuta mpaka ukuta, mlango wake haufunguki zaidi ya nusu. Mwenzangu akanionyesha hakusema kitu, akaweka simu chini.

Anayetaka kujua kama ningefanya tofauti, ningeuza mapema, nikiwa na mimba ya miezi mitano na nguvu zangu, nisingojee velveti.

Sasa hivi wana miezi kumi. Chaga zilishashuka ngazi ya chini walipoanza kukaa, futi 3 bado zinawatosha japo Kulwa akijinyoosha vidole vinagusa. Kibanio nilishakitoa. Doto amegundua kupitisha mkono kati ya fito pale vitanda vinapokutana na anamvua Kulwa soksi, kila usiku, mguu ule ule. Na juzi nimeamka saa kumi nikaona kichwa kimesimama ndani ya neti kinaniangalia, Kulwa kashika ubao wa juu kwa mikono miwili, magoti yanatetemeka, kidevu kimeshafika kwenye ukingo. Nimempigia fundi aje aongeze kimo cha zile kingo kabla hajajua kuning'inia. Kasema anakuja Jumamosi. Hakusema Jumamosi ipi.